Mjukuu ana mama, na mama yake si adui yako

*Assalamu alaykum Shangazi. Mimi ni mtu mzima, kwetu Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume, mmoja tu niliyejaaliwa, anakaa Unguja, Fuoni, yeye na mkewe. Huu mwezi wa tano sasa tangu Mungu anipe mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa kiume, sura ya babu yake mtupu. Niliposikia tu nikavuka bahari kuja kumlea mzazi, kwani mamaake hayupo tena duniani. Nimemkanda, nimemfunga mkaja, nimempikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini ikatimia.*

*Tangu hapo furaha yangu imekatwa. Mtoto hatiwi wanja. Hapewi tone la maji wala uji, na kutwa analia njaa mamaake akiwa kazini, ati kuna maziwa kayakamua yamo ndani ya friji. Siku moja nilimlambisha asali kidogo, ambayo ni dawa. Mkwe wangu akaja kusikia kwa jirani, hakusema neno, lakini wiki ya pili yake akaleta msichana wa kazi. Mimi nipo, mikono ninayo, mjukuu wangu analelewa na mtu wa kando! Usiku hanipi nikalala naye. Nilitia picha yake WhatsApp, mwanangu akanambia niifute. Nikasema akiacha ziwa nitamchukua Pemba nikamlee, kama mimi nilivyolelewa na bibi yangu. Wakanijibu "tutaona, mama", na ninajua "tutaona" hiyo maana yake nini.*

*Si kwamba ana tabia mbaya. Asubuhi kabla hajatoka hunipikia chai na hunitolea dawa zangu za presha, lakini huo si ndio wajibu wake? Binti yangu kule Wete na watoto wake wanne kila siku wananipigia simu nirudi, nami siwezi kumwacha mjukuu wangu mikononi mwa mtoto wa kazi. Je, nimwambie mwanangu achague, ama radhi yangu ama mambo ya mkewe?*

*Bibi aliyenyimwa mjukuu, Unguja*

Wa alaykumu ssalaam, mwenzangu. Hongera ya mjukuu, Mungu amkuze na ampe umri mrefu wenye kheri. Hongera na wewe. Kuvuka bahari na presha yako, kisha arobaini nzima ya kuchemsha maji, kukanda na kupika, si jambo dogo. Mzazi asiye na mama akipata mkwe wa kumfunga mkaja, huyo kapata. Thawabu yako ipo kwa Mola wako na sina la kuipunguza.

Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nimeisoma barua yako, nikairudia nikimtafuta huyo mkamwana ambaye hayupo hapa kujitetea. Nimemkuta, tena yumo ndani ya maneno yako mwenyewe.

Tuanze na asali, kwa sababu ndiko mambo yalikoharibikia. Umeandika kwamba ulimlambisha mtoto asali, kisha wiki ya pili akaja msichana wa kazi. Umeyaandika kama mambo mawili, na ni jambo moja. Ulijua mtoto hapewi kitu ila maziwa ya mamaake. Ukangoja mamaake atoke, ukampa. Na kwa kuwa mkwe wako alisikia kwa jirani, ina maana jirani alihadithiwa kabla ya mwenye mtoto. Sasa jitie kwenye nafasi ya huyo mwanamke. Yuko kazini, anajua nyumbani mtoto yuko na bibi yake, moyo umetulia. Akirudi, mtu wa baraza la pili anamwambia mwanawe kalambishwa asali. Wangapi wangenyamaza? Wangapi wasingekupigia kelele mbele ya mumewe? Yeye hakusema neno. Alifungua mkoba wake akamlipa mtu amuangalilie mtoto. Mwanamke hatoi mshahara kila mwezi kwa kazi ambayo bibi wa mtoto yupo na angeifanya bure, ila akiwa na hofu. Hiyo hofu umeitia wewe.

Na hofu yake ina msingi. Asali ni shifaa, Mungu kaisema katika Suratun Nahl, na wala sibishani na hilo. Ila kila dawa ina umri wake. Ndani ya asali, hata iwe safi ya msituni, huweza kuwamo mbegu za kijidudu ambazo tumbo lako na langu linazishinda. Tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka haliziwezi. Zikiota mle ndani hutoa sumu inayolegeza mwili: mtoto hufunga choo, shingo hulegea, hushindwa kunyonya, kilio kinakuwa hafifu, na mwisho hata pumzi inaweza kumshinda. Ndiyo maana spitali zote husema asali mpaka apite mwaka mmoja, na kuichemsha jikoni hakusaidii. Si kila mtoto hudhurika, na wako alhamdulillahi hakudhurika. Basi shukuru, na chupa hiyo iweke mbali.

Maji na uji nayo hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye tu, bila maji, mpaka atimize miezi sita, kwa sababu maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata katika joto letu hili la kaskazi. Ukimtilia maji unamjaza tumbo kitu kisicho na chakula, na kama hayakuchemka vizuri unamtia kuharisha. Maziwa aliyoyakamua yakihifadhiwa ndani ya friji hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Unajua kazi iliyopo kukamua hayo maziwa? Mtu amerudi kazini likizo ya uzazi ikiwa imekwisha, anaamka alfajiri anyonyeshe, akamue, apike chai ya mkwe, atoe vidonge vya presha ya mkwe, kisha ndio akimbilie daladala. Wewe ukaona maziwa ndani ya friji ukasema mtoto analia njaa.

Hiyo njaa siiamini. Mtoto mwenye njaa kutwa kwa miezi haongezeki. Muombe mkwe wako akuoneshe kadi ya kliniki, uangalie mstari wa uzito kama unapanda. Ukiwa unapanda, basi analia kwa sababu watoto hulia: joto, usingizi, nguo imelowa, anataka kubebwa.

Wanja sitarefusha. Baadhi ya wanja unaouzwa madukani una madini ya risasi ndani yake, na madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Usimtie. Na kama ni husuda unayoiogopa, msomee Falaki na Nnasi, umpulizie, hilo hapana atakayekukataza. Lakini nashangaa: unaogopa jicho la watu, kisha sura ya mtoto unaitia WhatsApp waione mpaka watu usiowajua. Mwanao kasema kweli, na umefanya vyema kama umeifuta.

Nimefika mahali ambapo barua yako imenitia uchungu, na uchungu huo si kwa ajili yako. Umeandika mamaake hayupo duniani, ukapita. Sentensi moja tu. Mwenzangu, mtoto wa kike akizaa mimba ya kwanza desturi yetu huenda kwao. Huenda akalala chumba alichokulia, mamaake akamkanda, akilia usiku anaulizwa na aliyemzaa yeye. Huyu hakuwa na pa kwenda. Ulipoteremka kwenye boti pale Malindi na mzigo wako, unadhani alimuona mama wa mumewe tu? Alimuona mama. Chai anayokupikia alfajiri na vidonge anavyokutolea wewe umeviita wajibu. Mimi ninaviona ni vya mtu ambaye angempikia mamaake na hanaye. Sheria haimlazimishi mke kumtumikia mama wa mume, muulize shekhe yeyote. Anafanya kwa imani yake. Na wewe kwa malipo yake unataka mumewe achague.

Basi nisikilize. Hilo la radhi lifute moyoni leo, kabla halijatoka mdomoni. Radhi ya mzazi ni jambo kubwa, mtoto huiogopa duniani na akhera, wala haitolewi vitisho kwa ajili ya asali na wanja. Ukimwambia mwanao achague utamuumiza vyovyote atakavyochagua. Akikuchagua wewe, mjukuu wako atalelewa baba huku mama kule, na hapo ndipo utakapomkosa kweli. Akimchagua mkewe, utarudi Wete na moyo mzito. Hapana upande wenye faida. Na huyo mwanao nina neno naye pia, msomee hapa: mwanangu, mama yako akikosea na mtoto wako, mwambie wewe, kwa adabu, umkalishe chini umueleze sababu. "Ifute" peke yake si maelezo. Ukinyamaza wewe, mkeo ndiye huonekana mbaya nyumbani.

Haya ndiyo ninayoyaona katika ndoa nyingi za sasa, na naomba nichepuke kidogo. Nyumba ya zamani ilikuwa na uwa, na uwani mna shangazi, mna wifi, mna mama mdogo, mna kijakazi wa jirani anayepita. Mzazi alikuwa na mikono kumi. Mwanamke alikaa ndani, na aliyemuongoza alikuwa mkwewe, kwa sababu mkwewe ndiye aliyekuwa na elimu yote ya ulezi iliyokuwapo. Leo bibi harusi anaingia nyumba ya vyumba viwili, mume kazini, mke kazini, kodi ya nyumba, umeme wa kununua, jirani hamjui jina. Elimu ya ulezi anaipata kliniki kwa mkunga aliyesoma. Halafu tunafika sisi wakwe na mizigo yetu tukitaka ile amri ya mama zetu, bila ile mikono kumi. Haiwezekani. Tumewapa wake wa wana wetu kazi ya mwanamke na kazi ya mwanamume juu yake, kisha tunawahukumu kwa tone la maji. Wangapi wanaachika kwa mambo haya? Ukikaa kwa kadhi ukasikiliza, mume na mke wenyewe hawana ugomvi mkubwa, ila nyuma ya kila mmoja kuna mama aliyekaza uso. Wanaume nao wamekuwa watoto wa simu: kila neno la chumbani linapigwa Pemba, linapigwa Mwera, likirudi limekuwa kubwa. Ndoa ya watu wawili ikikaliwa na watu sita haina pa kupumulia.

Nirudi kwako. Umetaka kumchukua mtoto akiacha ziwa. Najua desturi hiyo, na ilikuwa na sababu. Mama alikuwa akishika mimba nyingine mapema, yule wa kwanza akaachishwa ziwa kabla ya wakati, akapelekwa kwa bibi apate chakula na mtu wa kumtazama. Bibi alikuwa anaokoa. Huyu mtoto anaokolewa na nini? Baba yupo, mama yupo, chakula kipo. Qurani inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na mkwe wako kwa ninavyomuona atatimiza. Umesema nawe ulilelewa na bibi yako, ila hukusema kwa nini, wala hukusema kama ulikuwa ukimuulizia mamaako usiku. Ninadhani jibu unalo. Na kulala naye, mtoto wa miezi mitano anayenyonya usiku atalala na nani kama si mwenye maziwa?

Usidhani ninakuzuia kumpenda. Mimi mwenyewe ni bibi na naijua ladha yake. Mtoto wako ulimlea huku unaunguza chungu, una deni la dukani, na baba yake bado hajarudi. Ulikuwa humtazami usoni, ulikuwa unamtazama kama ameshiba na kama ameoga. Mjukuu unamtazama. Unakaa naye mchana mzima ukiangalia vidole vya miguu, ukasema hivi vya marehemu, hivi vya upande wa pili. Huna haraka naye. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisali huku amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zaynab. Akienda kusujudu humuweka chini, akiinuka humchukua tena. Wale wajukuu wake wengine, Hassan na Hussein, wakimpanda mgongoni naye yumo kwenye sijida. Kwa hiyo mapenzi hayo ni mazuri na yana mfano wa juu kabisa. Lakini hebu angalia: Umama alibebwa na babu yake, na hatusomi kwamba Zaynab alinyang'anywa.

Kazi ya bibi ipo, tena tele. Kwanza muombe mkwe wako akuachie kumuogesha asubuhi. Hili ulifanye mbele yake, aone. Kaa juu ya kibao, nyosha miguu, mlaze mtoto juu ya miundi yako, mkono mmoja chini ya shingo. Maji yapime kwa kiwiko, si kwa kiganja, maana kiganja chetu kimezoea moto wa jiko hakijui tena. Muanzie kichwani, fuata mikunjo ya shingo na makwapa ambako maziwa hugandia, kisha mkaushe umpake mafuta. Mwanamke anayekuona ukimshika mwanawe kwa mikono iliyotulia hivyo, siku baada ya siku, ile hofu itamtoka. Haitatoka kwa maneno.

Pili, mwezi ujao anatimiza miezi sita, na hapo ndipo atakapohitaji jiko lako. Ataanza kula huku ananyonya. Boga la kupondwa, ndizi, kiazi kitamu, samaki wa kuchemsha uliyemtoa miba yote kwa vidole, maharage laini yaliyochujwa maganda. Chumvi na sukari asahau kwanza. Msichana wa kazi hajui kumtoa changu miba kama unavyojua wewe, na mkwe wako hana wakati wa kukaa na kijiko nusu saa. Mfundishe huyo msichana, naye ni mtoto wa watu, usimnunie. Yeye hakukukosea chochote.

Sasa la mwisho na ndilo kubwa. Umeandika "mjukuu wangu wa kwanza". Mstari wa chini umeandika binti yako ana watoto wanne. Mwenzangu, hao wanne ni nani? Aliyezaliwa na binti hahesabiki? Huyu wa Fuoni ni mtoto wa mwanao wa kiume, ana sura ya marehemu, nimekuelewa. Lakini wale wanakupigia simu kila siku. Mtoto wa miezi mitano hajui kama umo Unguja au umo Wete, ilimradi ananyonya na anabebwa. Wale wanajua. Wamefika umri wa kukaa chini wakakwambia "kitendawili" nawe ukasema "tega". Mmoja wao huenda ameshaanza chuo cha Qurani, anataka mtu wa kumsikilizia sura aliyohifadhi. Kama kuna wa kike mwenye vidole vyepesi, huu ndio wakati wa kumuonesha kusuka ukili: ukindu uliokwishachanwa na kutiwa rangi, loweka kidogo ulainike, mshikishe mianzo, mwache akosee, afumue, aanze tena, mpaka siku moja ukili unamtoka mkononi umenyooka bila yeye kuutazama. Hayo hafundishwi skuli wala simuni. Sikukuu ya Idi imepita au inakuja, nani amewapa mkono wa Idi mwaka huu? Miezi mitano bibi hayupo. Furaha unayosema umekatiwa Unguja inakungoja ng'ambo ya bahari, inakupigia simu, na wewe unaikatia.

Hukumu yangu ni hii. Jioni ya leo, mtoto akishalala, mwite mkwe wako peke yake, mwanao asiwepo. Mwambie: "Mwanangu, lile la asali nilikosea. Nilipaswa kukwambia kabla, na sitampa tena kitu bila ruhusa yako. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Usimkumbushe uji wa pilipili manga. Akilia mwache alie, mshike. Kisha muulize yeye kama anataka ubakie mpaka mtoto aanze kula, na ulifuate jibu lake. Akisema bakia, bakia mwezi huo ufanye ile kazi ya boga na samaki. Akisema pumzika mama, kata tiketi kwa uso mkunjufu, na umwachie maneno ya kwamba mlango wa Wete uko wazi, likizo waje wote watatu.

Dawa za presha usiache kumeza ukiwa safarini. Na ukifika Wete niandikie tena, unitajie majina ya hao wajukuu wanne na umri wao.